Udongo wa Uwanja Uliofagiwa

Jumatatu ile Msawazo aliamka akagombana na meza. Ndiyo tabia yake. Kabla ya kugusa chai alitoa pima maji yake, akailaza mezani, akatazama kile kipovu cha hewa kikikimbilia upande wa dirisha, akaguna. Mkewe, aliyekwisha kuzoea vituko hivyo kwa miaka thelathini, alimsogezea kikombe. "Juu ya meza hapajengwi nyumba," alimwambia. "Kunywa uende kazini."

Jina lake halisi hata majirani walikuwa wamelisahau. Alikuwa msimamizi wa vitako. Kitako, kwa watu wa saiti, ni lile bapa la udongo linaloandaliwa kabla nyumba haijaanza. Unakwangua udongo wa juu wenye majani na mizizi, unautupa. Unaleta udongo mzuri wa kujazia, unaumwaga tabaka kwa tabaka, unalowesha kidogo, unashindilia kwa rola mpaka ugome kushuka. Nyumba ikishasimama hakuna anayekiona tena, ila kikiwa kibovu, kuta zitakusema. Msawazo hakuwahi kusemwa na ukuta wowote, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia.

Mwaka ule walikuwa na vitako kumi na viwili kwenye mstari mmoja. Kumi na kimoja vilikuwa vya wateja. Cha kumi na mbili kilikuwa chake, au tuseme cha bintiye, mtoto wake wa pekee. Kampuni ilimpa nafasi ile kwa utumishi wake wa muda mrefu, kwa sharti moja tu: kipimwe Jumamosi pamoja na vingine, kabla mashine hazijahamishwa. Kikishindwa, nafasi inakwenda kwa fundi bomba aliyemfuata kwenye orodha, ambaye kila siku alipita pale kuchungulia na kusalimia kwa tabasamu refu mno.

Bintiye alikuwa na mimba ya miezi sita. Yeye na mumewe walipanga chumba kimoja bondeni, chumba ambacho sakafu yake ilitoa maji. Ukiacha mkeka chini jioni, asubuhi unaukamua. Mtoto wao wa kwanza alilala chumbani mle miezi mitano, akashikwa na kifua, hakufika wa sita. Msawazo ndiye aliyechimba kaburi. Hakukubali mtu mwingine ashike jembe. Na alipokuwa akisawazisha udongo juu yake, aliapa kwamba mjukuu mwingine hatalala kwenye sakafu mbichi. Kiapo hicho kilimkaa kooni tangu siku ile.

Ndiyo maana, kwa kitako cha kumi na mbili, hakutaka kifusi cha machimboni walichotumia kwingine kote. Alitaka udongo wa kuchagua. Aliupata wiki moja kabla, mahali ambapo watu walihamishwa kupisha barabara, kisha barabara yenyewe ikapelekwa kwingine. Nyumba zilikwisha kubomolewa. Vilibaki vipande vya matofali na uwanja mmoja mpana wa udongo mwekundu, mkavu, uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama kigae. Msawazo alibandua kidogo, akalowesha, akafinya kiganjani. Donge likashikana. Akaliangusha, likapasuka vipande viwili safi. Alicheka peke yake kwa furaha.

Kilichomfurahisha zaidi ni usafi. Hapakuwa na jani wala mzizi. Uwanja ulikuwa umefagiwa, na mistari ya ufagio ilionekana, mipya, imepinda vizuri toka upande mmoja hadi mwingine.

Dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, ambaye walimwita Taratibu kwa sababu hata salamu aliitoa kwa awamu, alizima mashine akabaki anatazama.

"Mkuu, hapa anafagia nani? Watu si walihama mwaka juzi?"

"Anayefagia katupunguzia kazi. Hakuna cha kukwangua. Chota."

"Tungeuliza kwanza."

"Tumuulize nani, matofali? Chota, Taratibu, mchana unakwisha."

Zikachotwa tripu arobaini.

Basi Jumatatu hiyo, kufikia saa sita mchana, tabaka la mwisho lilikuwa limeshindiliwa. Msawazo alivuta kamba kwenye vigingi vya pembe nne, akapita akipima, na udongo uligusa kamba kila mahali. Akawaruhusu vibarua waende kula. Saa nane aliporudi, kitako kilikuwa kimeshuka vidole vinne.

Hakikushuka pembeni, kama inavyotokea rola isipofika. Hakikushuka katikati, kama inavyotokea chini kukiwa na shimo. Kilishuka chote, sawia, kama maji ya ndoo yanavyopungua.

Alitukana. Alimtukana dereva wa rola, akamtukana aliyefunga kamba, akaing'oa kamba akaifunga mwenyewe, ikamwambia vilevile. Akaamuru tripu tatu zaidi za udongo uleule. Walilowesha, wakashindilia mpaka giza likaanza kuingia, na alirudi nyumbani na uso ambao mkewe aliutazama mara moja tu, akaenda kupasha chakula bila kuuliza.

Jumanne, mambo yaleyale. Asubuhi udongo uligusa kamba. Saa nane, vidole vinne chini. Safari hii aliwakusanya vibarua wote, akawaambia anajua kuna mtu anamchezea, na akimkamata atamfukia humohumo na kumshindilia kwa rola. Walitazamana. Mmoja akasema kwa upole kwamba wote walikuwa pamoja kibandani wakila, hata fundi bomba alikuwepo, na walimwona yeye Msawazo mwenyewe akimaliza sahani mbili. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na hasira za mtu anayejua kazi yake na kazi yenyewe inamkana mbele za watu.

"Udongo hauwezi kwenda popote," alimwambia mkewe usiku ule. "Umeshindiliwa. Hauwezi."

"Labda ubadilishe udongo."

"Udongo hauna ubaya! Niliushika kwa mkono wangu!"

Mkewe alikusanya vyombo. Baadaye akasema kwamba binti yao ameanza kuvimba miguu, na kule bondeni maji yamepanda tena.

Jumatano Msawazo hakwenda kula. Alisema atabaki kukagua vigingi. Vibarua wakaondoka, rola ikazimwa, kijiko kikazimwa, na saiti ikawa kimya, kimya cha saa saba mchana, jua limesimama kichwani na kila kitu kimekalia kivuli chake. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ubavuni mwa tipa, macho kwenye kitako. Alikuwa na koleo mkononi. Aliamini angemkamata mtu.

Ilipita robo saa. Hakuna aliyekuja.

Kisha akasikia ufagio.

Chwaa. Chwaa. Polepole, bila haraka, kama mtu anayefagia kwake. Alisimama akazunguka tipa, hakukuwa na mtu. Akatazama barabarani, hakukuwa na mtu. Sauti ilitoka mbele yake, kwenye udongo mwekundu wa kitako chake.

Mstari ukatokea. Ulijichora juu ya vumbi, umepinda kidogo, mwembamba, umechanika kwa njiti nyingi. Wa pili ukafuata. Wa tatu. Na nyuma ya mistari, udongo ulibonyea. Mahali padogo. Halafu pengine, hatua moja nyuma. Halafu pengine. Anayefagia hurudi kinyumenyume, asikanyage alipokwisha kusafisha. Kila mtu anajua hivyo. Msawazo alilijua tangu utotoni.

Jasho lilimtoka, kisha likapoa mwilini.  Mistari ilikwenda mpaka ukingo wa kitako. Pale palipaswa kubaki lundo la vumbi. Hapakubaki kitu. Ufagio ulirudi mwanzo, ukaanza tena, na kamba ile aliyoifunga kwa mikono yake ikazidi kuachwa juu hewani.

Alitoka pale akitembea. Alijikaza asikimbie, kwa kuwa alihisi kwamba akikimbia atatazamwa.

Alhamisi alimchukua Taratibu peke yake wakaenda kule walikochota. Hakumwambia sababu. Njia nzima alilalamika kuhusu klachi ya lori. Walipofika, Taratibu alizima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

Walikuwa wameacha shimo la kumzidi mtu urefu. Sasa shimo liliwafika kifuani. Udongo mwekundu ulikuwa umerudi, umelala bapa, umekanyagwa, umefagiwa. Mistari ilikuwa mipya.

"Anaurudisha," Taratibu alinong'ona.

"Mvua imesukuma udongo."

"Mvua ipi, mkuu?"

 Msawazo alishuka, akapima kina kwa fimbo, kwa sababu kupima ndicho kitu pekee alichojua kufanya. Kilipungua vidole kadhaa kwa kila siku ambayo kitako chake kilishuka. Hesabu iliingia yenyewe kichwani bila kukaribishwa.

"Turudishe wote," Taratibu alisema. "Leo hii. Tujaze kifusi cha machimboni kama kwenye nyumba nyingine."

"Inataka siku tatu. Keshokutwa mashine zinaondoka."

"Basi nafasi apewe fundi bomba."

"Na mwanangu akazalie wapi? Kwenye maji?" Sauti ilimpanda, ikarudi kutoka kwenye matofali yaliyobomoka. "Alikuwa wapi huyu mtu wakati tunachota? Si angesema? Si angesimama mbele ya kijiko aseme huu ni wangu? Nikimzika mjukuu mwingine atakuja kunifagilia kaburi?"

Taratibu aliinamisha macho. "Mimi nilisema tuulize," alijibu, akawasha lori.

Ijumaa Msawazo alijaza pengo, akashindilia, akaliona likishuka, akajaza tena. Lakini safari hii hakumtukana mtu. Alikuwa anafikiri. Udongo ulishuka wakati mashine zimenyamaza na watu wamekwenda kula. Asubuhi ulikuwa sawa siku zote. Dada wa maabara, aliyetumwa kupima ugumu wa vitako, angeanza Jumamosi saa tatu, na kila kitako kilimchukua kama dakika kumi. Angefika cha kumi na mbili kabla ya saa saba. Zege la vitako vingine lilikuwa limeagizwa lije Jumamosi hiyohiyo. Msawazo aliomba lori moja la zege lije kwake kwanza. Akafunga nondo za sakafu kando, zikawa za kunyanyua na kulaza tu. Akakunja nailoni tayari.

Aliyajua hayo yote na hakumwambia mtu.

Jumamosi dada wa maabara alichelewa. Gari lake lilipasuka tairi. Alianza saa nne na nusu, na kwenye kitako cha tano kifaa chake kikagoma, akakaa chini kukifungua huku akiimba. Msawazo alizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alimpelekea maji. Akamwuliza kama hana mwenzake wa kumsaidia. Akamwuliza tena.

"Mzee, hujawahi kuniona nikipima?" dada alisema. "Una nini leo?"

"Sina kitu, dada yangu. Endelea."

Alifika cha kumi na mbili ikibaki nusu saa kabla ya saa saba. Alichimba vitundu vyake vidogo, akapima, akaandika, akakunja uso, akapima tena. 

"Hiki ndicho kigumu kuliko vyote," alisema dada. "Hongera. Udongo umetoa wapi?"

"Hapa hapa karibu."

Alisaini. Kabla gari lake halijatoka getini, nailoni ilikuwa imetandazwa, nondo zimelazwa, na zege linamwagika. Msawazo alipiga kelele rola iendelee kuunguruma pembeni ijapokuwa haikuwa na kazi. Saa saba ilipofika, vibarua walianza kuweka makoleo chini.

"Hakuna anayekula!"

"Mkuu, ni saa ya chakula."

"Nimesema hakuna! Malizeni hapa!"

Walinung'unika, wakaendelea. Zege lilitambaa kutoka ukingo hadi ukingo mpaka ikabaki kona moja, upana wa mkeka. Hapo ndipo rola ikazimika. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Kimya kikaingia ghafla.

Chwaa.

Wengine hawakusikia. Taratibu alisikia, maana alirudi nyuma hatua mbili. Kwenye ile kona, nailoni ilivutwa chini, ikaacha kuwa bapa, ikachukua umbo la mguu. Kisha mguu wa pili pembeni yake. Vidole vilionekana. Miguu miwili imesimama, imeelekea nje, kwenye njia pekee iliyokuwa imebaki wazi.

Msawazo alishika mikono ya toroli lililojaa zege. Alisita. Ni kweli alisita, na baadaye alijikumbusha mara nyingi kwamba alisita. Kisha akilini akamwona mwanawe amelala chini, tumbo juu, mkeka umelowa. Akapindua toroli.

Zege liliangukia nailoni kwa mshindo. Akachukua koleo akalisawazisha mwenyewe, haraka, meno yameumana. Ufagio ulinyamaza.

"Umemfungia ndani," Taratibu alinong'ona.

"Nimemfungia nani? Chukua koleo."

Taratibu hakuchukua koleo. Aliacha kazi wiki iliyofuata, akaenda kuendesha trekta shambani kwa kaka yake, na kila alipopigiwa simu na Msawazo hakupokea.

Nyumba ilijengwa. Bintiye alijifungua mtoto wa kike, akatoka hospitali moja kwa moja hadi chumba kikavu. Msawazo alikwenda kila Jumapili. Alipiga magoti akagusa sakafu kwa kiganja, ikawa kavu. Akalaza pima maji, kipovu kikakaa katikati. Hakuna ufa ukutani. Hakuna sauti. Wakati wa mchana alikaa sebuleni makusudi, peke yake, akasikiliza mpaka masikio yakamvuma, na hakusikia kitu. Mtoto hakukohoa hata siku moja. Alinenepa, akaanza kucheka. Polepole Msawazo akaanza kulala tena. Alijiambia kwamba udongo ni udongo.

Mtoto alikuwa na miezi minne Msawazo alipoitwa siku isiyo Jumapili.

Mkewe alikuwepo, amekaa kitandani, mjukuu mapajani baada ya kuogeshwa. Bintiye alisimama mlangoni, khanga ameifumbata mkononi. Hakuna aliyekuwa analia. Hilo lilimtisha zaidi.

"Shika miguu yake," mkewe alimwambia.

Alishika. Aliikuta migumu. Nyayo za mtoto ambaye hajawahi kusimama, hajawahi kushushwa chini, zilikuwa nene, ngozi imekomaa, visigino vimepasuka nyufa nyeusi za kina. Ilikuwa miguu ya mtu aliyetembea peku umri mzima. Aliipitishia kidole gumba mara mbili, akitafuta kosa.

"Nilidhani ni ukavu," bintiye alisema. "Nimepaka mafuta wiki nzima, baba. Tena siku hizi akilala mchana huamka amechoka. Anahema kama katoka mbali."

"Hospitali wanasemaje?"

"Wameniuliza kama kweli ni wa miezi minne."

Kidole chake kikagota kitu. Kwenye ufa wa kisigino cha kushoto palikuwa na ncha ngumu. Akaibana kwa kucha, akavuta taratibu. Ukatoka mwiba, mrefu kama njiti ya kiberiti, umeiva na kuwa mweusi kwa kukaa mwilini muda mrefu. Hakukuwa na mti wa miiba kwenye nyumba zile kumi na mbili. Hakukuwa na mti wowote.

Mtoto hakulia. Alifumba macho akatoa pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima aliyeondolewa maumivu ya miaka, kisha akausukuma mguu wa pili mkononi mwa babu yake.

"Baba," bintiye alisema kwa sauti ndogo, "wewe kuna kitu unakijua?"

Msawazo aliutazama mwiba. Aliitazama sakafu, kavu, iliyonyooka, ngumu kuliko zote. Alitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Sijui, mwanangu," alijibu. "Lete mafuta."

Mwiba huo mkewe aliufunga kwenye karatasi, akauweka kabatini. Tangu hapo imeongezeka mingine sita.